Kumaliza matawi yote ya Fuji Soba: mwongozo kamili kwa mla tambi mwenye subira

Karibu kila aliyewahi kuishi Tokyo amekula Fuji Soba, mtandao wa maduka ya tambi za bei nafuu. Waliokula katika kila Fuji Soba ni wa kuhesabu, na wengi wao hawakukusudia. Walijikuta wamefika tawi la kumi, wakagundua kwamba matawi hayafanani, basi wakashindwa kuacha.

Mimi niliingia kwa mlango huohuo. Nilikuwa mteja wa tawi lililo karibu na chumba nilichopanga. Siku moja mvua ikanikamata mbali na nyumbani, nikajibanza kwenye tawi jingine, nikaagiza bakuli langu la kila siku. Likaja na mchuzi mweusi zaidi, mtamu kidogo, na ukutani kulikuwa na karatasi ya chakula ambacho kwetu hakikuwepo. Kibao kilekile, jina lilelile, lakini mkono mwingine. Mtu wa Unguja ataelewa haraka: urojo ni urojo, ila kila mtu ana muuzaji wake.

Yanayofuata ni kwa anayetaka kuifanya kazi hii kwa mpango, awe anaishi Japani au amekuja kwa miezi michache. Mgeni wa wiki moja nimemwekea njia yake fupi karibu na mwisho.

Ujue unachokitafuta

Jina kamili ni Nadai Fuji Soba. "Nadai" ni neno la kizamani la kujisifu, kama kusema "ile maarufu". Mwanzilishi ni Dan Michio, aliyezaliwa mwaka 1935, ambaye alihangaika na kazi nyingi, akauza viwanja, kisha akahamia kwenye soba. Alianza na duka dogo Shibuya miaka ya 1960. Mzee huyo pia ametunga mashairi ya enka, zile nyimbo za Kijapani za bandari, mvua na mapenzi yaliyoharibika, na ndiyo sababu dukani utasikia enka badala ya muziki wa vijana. Zichukulie kama zilipendwa zao. Ukifika tawi la 30 utakuwa unaitikia kiitikio bila kujua maana yake.

Soba ni jina la mmea kabla ya kuwa jina la tambi. Mbegu yake ina pembe tatu, unga wake una rangi ya kijivu, na ingawa husagwa na kukandwa kama ngano, mmea huo si jamaa ya ngano wala mpunga. Unga wake peke yake haushikani vizuri, kwa hiyo huchanganywa na wa ngano. Mchanganyiko unaosifiwa ni sehemu nane za soba kwa mbili za ngano. Maduka ya bei nafuu huzidisha ngano. Kanuni za lebo huko Japani zinataka tambi mbichi zinazouzwa kwa jina la soba ziwe na angalau asilimia 30 ya unga wa soba, na kati ya hiyo 30 na ile 80 kuna nafasi pana ya biashara.

Basi usiende Fuji Soba kutafuta tambi za fundi aliyekata kila uzi kwa kisu chake. Nenda ukitafuta chakula cha mtu mwenye dakika kumi. Enzi za Edo, kabla ya Tokyo kuitwa Tokyo, soba iliuzwa usiku kwenye vibanda vya kubebwa begani, bakuli kwa mon 16, sarafu za wakati huo, na mteja alikula amesimama. Maduka ya soba ya stesheni ni wajukuu wa vibanda vile. Tofauti ni kwamba leo matawi mengi ya Fuji Soba yana viti.

Idadi ya matawi huzunguka mia moja. Mengi yako Tokyo, mengine Kanagawa, Saitama na Chiba. Ukipanda treni ya kasi kwenda Osaka, umeyaacha nyuma. Ndiyo maana kazi hii inawezekana: ni mtandao wa mji mmoja na majirani zake, na unafikika wote kwa kadi ya treni.

Kwa nini hayafanani? Mtandao umegawanywa katika kampuni tanzu kadhaa chini ya kundi la Daitan, na kila moja ina matawi yake. Juu ya hapo, mameneja wana uhuru wa kubuni chakula cha tawi lao. Mwaka 2019, Tokyo nzima ilipopagawa na vinywaji vya tapioka, vyenye chembe laini za wanga wa muhogo, matawi machache yalizimwaga chembe hizo juu ya bakuli la wali. Muhogo wetu huo, umevuka bahari ukaishia juu ya wali wa Kijapani kwenye duka la tambi. Vyakula vya namna hiyo huzaliwa na kufa ndani ya miezi, na karibu kila mara hupatikana kwenye matawi mawili matatu tu. Anayekula tawi moja maisha yake yote hatavisikia.

Tunga kanuni kabla ya bakuli la kwanza

Hatua hii watu huiruka, kisha wanagombana na nafsi zao wakifika tawi la 60. Andika kwenye daftari, kwa kalamu, majibu ya maswali haya.

Kufika ni nini? Kwangu mimi ni kununua tiketi ya chakula chenye tambi za soba na kukila palepale. Wali peke yake hauhesabiki. Kupiga picha ya mlango hakuhesabiki hata kama ulikuwa umeshiba kupita kiasi.

Orodha ni ya tarehe ipi? Matawi hufunguliwa na kufungwa, na usipofunga orodha kwa tarehe moja utakuwa unamkimbiza sungura asiyechoka. Chagua siku, nakili orodha yote, andika tarehe juu yake. Tawi likifungwa kabla hujafika, lifute na uweke alama ya msiba. Likifunguliwa jipya, lipeleke kwenye ukurasa wa pili, ukalile kwa hiari.

Na matawi uliyowahi kula zamani? Yaanze upya. Najua inauma, hasa kwa mtu aliyekula tawi la jirani mara 200. Lakini kumbukumbu ya ladha ya miaka miwili iliyopita si ushahidi.

Orodha

Tovuti ya kampuni ina ukurasa wa matawi yote, kwa Kijapani, ukiwa na anwani na saa za kazi. Hamishia kwenye jedwali la simu au kompyuta. Safu ninazotumia mimi ni jina la tawi, stesheni, mlango wa kutokea, saa za kufungua, siku za kufungwa, tarehe niliyofika, saa niliyokula, alama, na maelezo.

Safu ya mlango wa kutokea isikupite. Shinjuku ina zaidi ya njia 200 za kutokea, na ukitokea upande usio wako utatembea robo saa kuzunguka jengo ambalo ulikuwa tayari chini yake. Tena mitaa mikubwa kama Shibuya na Ikebukuro huwa na tawi zaidi ya moja. Nimewahi kurudi nyumbani nikifurahia kumaliza mtaa fulani, nikafungua jedwali, nikakuta nimekula tawi lilelile mara mbili, wiki mbili mbali. Tangu hapo nanakili jina la tawi kwa herufi za Kijapani na kulilinganisha na lililo mlangoni kabla ya kutia sarafu.

Saa za kazi nazo ziangalie upya kila wiki. Fuji Soba ilijulikana kwa kutofunga mchana na usiku, lakini tangu janga la korona matawi mengi yamepunguza saa, na yaliyo kwenye mitaa ya ofisi yanaweza kupumzika wikendi. Hayo ya ofisini yapangie siku za kazi.

Njia: anza mbali

Ushauri wa kawaida ni kuanza na reli ya Yamanote, ule mduara wa kampuni ya reli ya JR wenye stesheni 30 unaozunguka katikati ya jiji kwa muda wa saa moja hivi. Mimi napinga. Anza na matawi ya pembeni: Chiba, Saitama, Kanagawa, na magharibi ya Tokyo. Mwanzoni una hamu, na hamu ndiyo inayomfanya mtu apande treni saa nzima kwa ajili ya bakuli la tambi. Ukifika tawi la 70 hamu imepungua, na hapo ndipo unahitaji matawi yaliyopakana, ambayo unaweza kuyapita kwa miguu.

Kwenye Yamanote stesheni nyingi zimekaribiana mno. Yoyogi hadi Shinjuku ni mita 700, Kanda hadi Akihabara vilevile, Okachimachi hadi Ueno ni 600. Shibuya hadi Ebisu ni kilomita 1.6. Tembea. Hiyo ndiyo njia pekee ya uungwana ya kuandaa nafasi kwa bakuli la pili.

Kwa nauli, kadi ya Suica au Pasmo inatosha karibu kila mahali. Siku unayopanga kushuka stesheni nne au tano, piga hesabu kama tiketi ya siku nzima itakuwa nafuu: JR ina yake kwa mitaa 23 ya kati, na wageni kutoka nje hupata tiketi ya treni za chini ya ardhi ya saa 24, 48 au 72. Lakini kagua kampuni ya reli kabla ya kununua. Tiketi ya JR haikufikishi kwenye treni ya chini ya ardhi, na geti halisikilizi maelezo.

Panga matawi mawili kwa siku, au matatu ukiwa na nguvu na umeamka mapema. Kwa matawi mawili kila Jumamosi, mia moja ni wiki 50. Mwaka mmoja, basi, na wiki mbili za kuumwa mafua. Kwa chakula tenga kati ya yen 500 na 900 kila unapoingia. Ukichukua 700 kama wastani, chakula chote ni yen 70,000, na nauli juu yake.

Mlangoni na kwenye mashine

Nje kuna kabati la kioo lenye vyakula vya plastiki. Simama hapo kwanza, chagua, kisha ingia. Mgeni anayechagulia mbele ya mashine huku watu sita wa ofisi wakihema nyuma yake atajifunza upesi maana ya ukimya wa Kijapani.

Mashine ya tiketi iko mlangoni au ndani kidogo. Siku hizi nyingi ni za skrini, na nyingine zina lugha zaidi ya moja. Za vitufe bado zipo. Beba noti za yen 1,000 na sarafu, kwa sababu kuna mashine zisizomeza noti ya 10,000. Noti mpya zilipotoka Julai 2024, mashine nyingi za migahawa zilikuwa bado hazizijui, na hapo ndipo sarafu zilipomwokoa mtu.

Majina machache yatakufikisha mbali. Kake ni soba ya moto kwenye mchuzi, bila kitu juu. Mori ni tambi baridi kwenye kichanja, na mchuzi wa kuchovya pembeni. Kitsune ina tofu ya kukaanga, tanuki ina chembe za unga uliobaki kwenye kikaango. Hilo la tanuki ni la upande wa Tokyo. Ukiliagiza Osaka utaletewa kitu kingine. Tsukimi ina yai bichi, wakame ni mwani, kakiage ni mboga zilizokatwa nyembamba, hasa vitunguu, zikashikanishwa kwa unga wa maji na kukaangwa kama bajia pana. Katsudon si tambi kabisa: ni wali uliofunikwa nyama ya nguruwe iliyokaangwa pamoja na yai, na matawi mengi huuza bakuli lake dogo pamoja na soba kwa wenye njaa ya kweli.

Tiketi ikitoka, ipige picha kabla hujaikabidhi. Jikoni wataichukua, na ndiyo hati yako yenye tarehe na bei. Mpe mhudumu, naye atauliza "soba? udon?" (udon ni tambi nene za ngano) na kama unataka ya moto au baridi, iwapo mashine haikukuuliza. Jibu neno moja: "soba". Moto ni "atatakai", baridi ni "tsumetai". Chukua maji mwenyewe, chukua vijiti, kaa. Chakula huja ndani ya dakika chache, nawe ukienda kukipokea kaunta sema "arigatō", inatosha.

Kula kwa kuvuta, na sauti isikutie haya. Kuvuta tambi pamoja na hewa kunaipoza na kupandisha harufu puani, na anayekula kimyakimya ndiye anayeonekana mgeni. Vijiti usivisimike kwenye wali, maana hivyo ndivyo wanavyowekewa marehemu. Ukimaliza rudisha trei dirishani, sema "gochisōsama", toka. Bahashishi hakuna. Kuongea na simu ukiwa umekalia kiti ambacho mtu anakisubiri pia hakuna.

Jambo la adabu zaidi ni saa. Kati ya saa sita mchana na saa saba, viti ni vya wafanyakazi ambao muda wao wa mapumziko unahesabiwa. Msafiri wa matawi, mwenye daftari na kamera, aje saa mbili asubuhi au saa tisa alasiri. Asubuhi matawi mengi huwa na seti ya bei nafuu iitwayo asa soba, na wapishi wana nafasi ya kukutazama usoni.

Bakuli la kipimo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ukila kitu tofauti kila tawi, mwishoni utakuwa na orodha ya vyakula, lakini hutajua lolote kuhusu matawi. Chagua bakuli moja ulile kila mahali. Chakula maalumu cha tawi kikiwepo na tumbo likiruhusu, ongeza. La sivyo, piga picha ya karatasi yake ukutani na urudi siku nyingine.

Wapo wanaochagua mori, wakisema tambi baridi haina pa kujificha. Wana hoja. Mimi nachagua kakiage soba ya moto, kwa sababu inampima mpishi mara tatu: mchuzi, uchemshaji na kikaango.

Anza na mchuzi kabla ya kugusa kitu kingine. Mchuzi wa Tokyo ni mweusi, tofauti na ule mwepesi wa Osaka, na umejengwa juu ya vitu viwili. Cha kwanza ni dashi, maji yaliyochemshwa na samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi mpaka akawa mgumu kama kipande cha ubao, kisha akaparuzwa. Cha pili ni kaeshi, mchanganyiko uliotulia wa soya, sukari na mirin, kilevi kitamu cha mchele cha kupikia. Mkono unaochanganya hivyo viwili hutofautiana. Kuna matawi soya inapiga kelele, kuna mengine samaki anasikika kwanza, na kuna saa za mchana ambapo sufuria imekaa motoni tangu alfajiri na kila kitu kimekolea. Andika rangi, andika chumvi, andika kilichokuja kwanza ulimini.

Tambi: ng'ata uzi mmoja. Ukikatika kwa kishindo kidogo, vizuri. Ukiyeyuka, aliyechemsha alikuwa na mambo mengi.

Kakiage ndiyo inayosema ukweli. Iliyotoka kwenye mafuta sasa hivi hulia ikiguswa na mchuzi. Iliyokaa saa moja kwenye rafu hunyamaza na kuzama. Lakini usiihukumu haraka: wako wanaoipenda hivyo, imelowa na kumwaga mafuta yake kwenye mchuzi, na baada ya matawi 40 nami nikaanza kuwaelewa. Ndiyo maana safu ya saa ni lazima kwenye jedwali. Kakiage ya saa kumi jioni si ushahidi dhidi ya mpishi wa asubuhi.

Pilipili ya shichimi, ile yenye viungo saba, iweke baada ya nusu ya bakuli. Ukiimwaga mwanzoni matawi yote yatafanana, na lawama itakuwa yako.

Kosa langu kubwa lilikuwa kiangazi. Agosti ya Tokyo inapita nyuzi 35, unyevu kama wa Dar mwezi wa Machi, nami nikabadilisha kipimo nikawa nakula mori baridi. Matawi zaidi ya kumi. Oktoba nilipotaka kulinganisha, nilikuwa na madaftari mawili yasiyozungumza lugha moja, ikabidi nirudie yote. Kula ya moto, jasho likutoke, au pumzika Agosti.

Nguruwe, pombe na mzio

Wasomaji wetu wengi ni Waislamu, kwa hiyo niseme wazi: usiingie ukidhani chakula ni halali. Katsudon ni nguruwe. Herufi 豚 ni nguruwe, na 肉 ni nyama bila kutaja ya nani. Ukiiona hiyo ya pili kwenye jina la soba, chukulia ni nguruwe mpaka uambiwe vinginevyo. Kari na korokke, ile katlesi ya viazi, kwa kawaida huwa na nyama ndani. Kakiage ni mboga, ila huenda imepita kwenye mafuta yaliyokaanga katsu, yaani nguruwe wa katsudon. Mirin ya kwenye mchuzi ina pombe kabla ya kupikwa. Kila mtu ana mipaka yake hapo. Kazi yangu ni kukuonyesha uzio uko wapi. Anayejizuia na vyote hivyo atafute maduka ya soba yenye cheti, wala asijilazimishe mradi huu.

Asiyekula samaki ajue kwamba dashi ni samaki, hata kwenye bakuli lenye mboga tupu.

Mzio wa soba ni jambo zito zaidi. Soba ni mojawapo ya vizio ambavyo sheria ya Japani inalazimisha kutajwa kwenye lebo za vyakula vilivyofungashwa, kwa sababu unaweza kumpeleka mtu hospitali. Ukiwa nao, kuagiza udon hakukuokoi: kwenye maduka kama haya udon huweza kuchemshwa kwenye maji yaleyale. Na kama hujawahi kula soba maishani, bakuli la kwanza lile siku ambayo huna haraka, ukiwa na mtu pembeni.

Chumvi

Bakuli la soba ya moto, ukinywa mchuzi wote, laweza kufikisha gramu 5 za chumvi au zaidi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku nzima. Piga hesabu ya matawi matatu kwa Jumamosi, utaona kwa nini nasema acha mchuzi. Onja vijiko vitano kwa ajili ya alama, kula tambi, bakisha uliobaki bila aibu. Hakuna atakayekukasirikia. Mwenye shinikizo la damu afanye tawi moja kwa wiki, amalize kwa miaka miwili, na azungumze na daktari wake kwanza.

Ukila mori, uliza "sobayu arimasu ka?" Ni maji yaliyochemshia tambi. Huongezwa kwenye mchuzi wa kuchovya uliobaki, ukanywewa kama supu nyepesi. Kwenye matawi mengine hujihudumia mwenyewe.

Kama mia ni nyingi

Mgeni wa siku chache asijitie kwenye Fuji Soba yote. Achukue fungu moja, kwa mfano matawi ya nusu ya Yamanote, na alitaje hivyo bila kujidai zaidi. Au amalize mtandao mdogo kuliko huo. Hakone Soba hufuata reli ya Odakyu, inayotoka Shinjuku hadi Odawara, kilomita 82.5, na kwa kuwa maduka yake yanaifuata reli, ramani imeshajichora.

Kipenzi changu cha mazoezi ni Yayoiken, ndani ya stesheni ya Abiko mkoani Chiba, kwenye majukwaa ya treni za Joban. Ni vibanda vya kusimama. Wanachouza kwa fahari ni soba yenye mapande ya kuku wa kukaanga makubwa kiasi kwamba tambi hazionekani. Mchoraji Yamashita Kiyoshi alifanya kazi kwenye kampuni hiyo kabla ya kuwa mashuhuri. Unashuka kwenye treni, unakula, unapanda treni inayofuata. Fanya siku hiyo kwa kanuni zako zote, tiketi, picha, jedwali, alama, na utajua kabla ya jua kuzama kama una tabia ya kazi hii au ulikuwa na njaa tu.

Tawi la mwisho

Lihifadhi kwa makusudi. Usiache likawa lile la mbali ulilolikwepa mwaka mzima. Ukiweza, lipangie tarehe 31 Desemba, usiku ambao Wajapani hula soba ya kuvukia mwaka. Moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba uzi wa soba hukatika kwa urahisi, basi na mikosi ya mwaka ikatike hivyohivyo.

Ukifanya hivyo, angalia tangazo la saa za sikukuu mapema Desemba, maana ratiba ya kawaida huwa haifanyi kazi, na chagua mchana badala ya jioni, kwa sababu kuanzia machweo foleni hutoka nje ya mlango. Beba sarafu. Agiza bakuli la kipimo, si kitu cha sherehe, la sivyo safu ya mwisho ya jedwali haitalingana na nyingine 99. Na ukichelewa ukaangukia usiku, maliza tambi kabla ya saa sita. Wenyeji husema anayeuvuka mwaka bado anatafuna ameuvuka na mikosi yake.